Je, Ni Lazima Uyamudu Yanayojulikana Kabla ya Kugundua Jipya? Uzoefu Wangu Katika Kutafuta Viuavijasumu

Wanafunzi wanaoanza utafiti huniuliza swali moja mara nyingi kuliko mengine yote: je, mtu anaweza kugundua jambo jipya katika sayansi kabla hajayamudu yale ambayo wengine wamekwisha kuyapata? Wanaouliza ni wa aina mbili. Wapo walioelemewa na wingi wa makala wanazotakiwa kuzisoma, wakaanza kuhisi kwamba zamu yao ya kugundua haitafika kamwe. Na wapo wenye wazo linalowachemka kichwani, wanaoogopa kwamba wakisoma sana watageuka kasuku wa mawazo ya wengine. Mimi nimekuwa wa aina zote mbili, kwa zamu, wakati wa utafiti wa shahada ya uzamivu uliohusu kutafuta viuavijasumu vipya kutoka kwa bakteria wa udongoni. Nililipia elimu hiyo kwa muda, kwa vifaa vya maabara na kwa sehemu kubwa ya kujiamini kwangu, na naona si haki mwingine alipie tena gharama ile ile kwa jambo linaloweza kuelezwa kwa maandishi.

Nianze na kazi yenyewe, maana pasipo kuielewa mengine yatakuwa mafumbo. Udongo umejaa bakteria wa jamii ya Streptomyces, ambao ndio hasa chanzo cha ile harufu inayopanda mvua inapoanza kulowesha ardhi kavu. Bakteria hao hutengeneza kemikali zinazowaua au kuwazuia viumbe wengine walio karibu nao, na sehemu kubwa ya viuavijasumu vinavyotumika hospitalini asili yake ni wao na jamaa zao. Mwaka 1943 Albert Schatz, akiwa mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman nchini Marekani, aliipata kwa njia hiyo streptomisini, kiuavijasumu cha kwanza kilichofaa kutibu kifua kikuu. Njia ni rahisi kuisimulia: unachanganya udongo kidogo na maji, unaupaka juu ya aga, yaani jeli yenye chakula cha bakteria iliyogandishwa kwenye sahani, unasubiri bakteria waote, unamhamishia kila mmoja kwenye sahani yake, kisha unampima kwa kumweka karibu na bakteria wa majaribio uone kama atamzuia kukua. Mavuno ya miongo ya 1940 na 1950 yalikuwa makubwa. Baadaye watafiti wakawa wanakutana na kemikali zile zile tena na tena, hata kampuni nyingi za dawa zikaiacha kazi hiyo. Ndiyo maana naiona fani hii kuwa mahali pazuri pa kulipima swali letu, kwa kuwa ndani yake tofauti kati ya kugundua na kugundua upya si mjadala wa kifalsafa, bali ni jambo linalokukuta mezani pako mara kwa mara.

Msimamizi wangu alikuwa mtu wa utaratibu. Kwake, mwanafunzi hakupaswa kugusa hata sahani moja kabla ya kuandika mapitio ya maandiko yenye kuridhisha. Nilitii, na kwa miezi mingi kazi yangu ikawa kusoma tu. Kila makala niliyoimaliza ilinielekeza kwenye nyingine kumi, na kila moja kati ya hizo kumi ilikuwa na orodha yake ya marejeo. Lakini wingi wa kusoma haukuwa tatizo kubwa kama namna ya kusoma. Nilisoma nikiwa sina swali langu mwenyewe mkononi, kwa hiyo kila taarifa ilikuwa na uzito sawa na nyingine. Niliweza kutaja nani aligundua nini na mwaka gani, lakini ungeniuliza ni matokeo yapi yamethibitishwa na maabara nyingi na ni yapi yanasimama juu ya jaribio moja lililofanywa zamani, nisingekuwa na jibu.

Lilitokea pia jambo ambalo sikulitarajia. Kila nilipopata wazo nililikimbilia kwenye hifadhidata ya makala, nikakuta kuna mtu amefanya kitu kinachofanana nalo, nikalizika. Nilianza kuiogopa mikutano ya kila wiki ya kikundi chetu, kwa sababu wenzangu waliokuja baada yangu walikuwa wanaonyesha picha za sahani zao, nami nilikuwa na muhtasari mwingine wa makala. Miaka kadhaa baadaye nilizirudia baadhi ya makala zilizonikatisha tamaa wakati ule. Nyingi zilikuwa zimetumia bakteria tofauti na wale niliowafikiria, au vifaa ambavyo visingeweza kuona nilichotaka kukitafuta, au zilikuwa zimefanya jaribio mara moja tu na kuliacha. Hazikuwa zimelimaliza swali. Nilikuwa nimesoma kichwa cha habari na muhtasari, nikajifungia mlango mwenyewe.

Wakati huohuo nilikutana na habari za Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza wa karne ya 19, ambazo hazinitoki akilini. Faraday aliacha shule mapema, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na hisabati yake ilikuwa haba mpaka mwisho wa maisha yake. Watu humtaja kama ushahidi kwamba elimu iliyopo si ya lazima. Lakini mwaka 1821, mwaka mmoja baada ya Ørsted, mwanafizikia wa Denmark, kuonyesha kwamba umeme unaopita kwenye waya huigeuza sindano ya dira, Faraday aliombwa aandike muhtasari wa yote yaliyokuwa yamechapishwa kuhusu umeme na sumaku. Maandiko yalikuwa yamejaa madai yanayopingana. Badala ya kuyapanga tu, aliyarudia majaribio yenyewe ili aone kwa macho yake nani yuko sahihi, na mwaka huohuo, kutokana na kazi hiyo, akaufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku. Huo ndio msingi wa mota ya umeme. Hayo nayo yalikuwa mapitio ya maandiko, ila yalifanywa kwa mikono, na nadhani laiti ningeelekezwa kusoma hivyo tangu mwanzo, ule mwaka wa kwanza ungekuwa na sura nyingine kabisa.

Hatimaye niliruhusiwa kuanza kazi ya maabara, na kwa kuwa nilikuwa nimechoshwa na makala, niliziweka kando kabisa. Kati ya bakteria niliowatoa udongoni alikuwapo mmoja wa rangi ya kijivu, mwenye unga unga juu kama Streptomyces wengi walivyo, ambaye alinifurahisha tangu siku ya kwanza. Sahani yake niliinyanyua kuelekea dirishani: bakteria wa majaribio walikuwa wametanda kama ukungu kila mahali, isipokuwa pale alipokaa yeye, ambapo aga ilikuwa safi na angavu katika duara pana lenye ukingo uliochongeka. Nilimjaribu dhidi ya bakteria wengine, akawazuia. Nikamjaribu dhidi ya hamira, akaizuia pia. Furaha niliyokuwa nayo sitaieleza sana. Inatosha kusema kwamba nilianza kumfikiria jina.

Nilitumia karibu mwaka mzima kuisafisha kemikali ile. Ilikuwa kazi ngumu kwa sababu haikutaka kutoka kwenye maji. Kila kiyeyushi nilichokitumia kuivuta kilirudi kitupu, ikanilazimu kutumia safu za kuchuja zinazokamata molekuli kwa chaji zake, ambazo ni ghali na huchukua siku kuzipitisha. Nilipopata unga wa kutosha niliupeleka kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Matokeo yalionyesha uzito wa takriban 502. Niliiandika namba hiyo katika hifadhidata ya kemikali za viumbe, pamoja na chanzo chake, na jina likatokea papo hapo: streptothrisini. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942, kabla hata ya streptomisini, na maabara ile ile ya Waksman. Inakadiriwa kwamba takriban mmoja kati ya kila bakteria kumi wa jamii pana ya aktinomaiseti wanaookotwa udongoni huitengeneza. Iliachwa tangu muongo wa 1940 kwa sababu ilidhuru figo.

Fundi sanifu wa maabara yetu, mtu mzima aliyefanya kazi ile tangu sisi tukiwa watoto, ndiye aliyenifungua macho zaidi ya mashine. Nilipomweleza alitikisa kichwa akasema, "Mdogo wangu, kinachoua bakteria na hamira pia, halafu kikakataa kutoka majini, mara tisa kwa kumi ni yuleyule. Ungeniuliza ulipoona hamira imekufa, ningekwambia siku hiyohiyo." Hakusema kwa kejeli. Elimu hiyo alikuwa nayo, ilihusu hasa nilichokuwa nakifanya, na katika makala zote nilizozisoma hakuna hata moja iliyoiweka kwa sentensi fupi namna hiyo.

Nilipotulia niliona kwamba vipindi vyote viwili vilikuwa vimekosa kitu kilekile. Katika kipindi cha kwanza nilijua mengi yasiyohusiana na jaribio lolote. Katika cha pili nilikuwa na jaribio lakini sikujua yanayolizunguka. Upya wa kitu hauonekani kwenye sahani. Duara la streptothrisini ni zuri sawasawa na duara la kemikali ambayo haijawahi kuonwa na mtu yeyote, na macho peke yake hayawezi kuyatofautisha. Anayetaka kujua kama amegundua sharti ajue kilichogunduliwa, walau katika lile eneo dogo analosimama.

Wanaopinga jambo hili katika mazungumzo yetu kwa kawaida humleta Erasto Mpemba, na wana haki ya kumleta. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu nchini Tanganyika, Mpemba aliona mchanganyiko wa maziwa alioutia kwenye jokofu ukiwa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa moto. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na kwa mujibu wa kanuni ya kupoa aliyoifundisha, jibu hilo lilikuwa na mantiki. Mpemba hakuwa na kanuni ya kumzuia, akaendelea kuuliza. Sehemu inayosahaulika ni ile inayofuata. Swali lake lilipata uzito pale Denis Osborne, mwanafizikia aliyetembelea shule yake, alipolichukua na kuagiza lijaribiwe kwa vipimo. Makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1969. Tena jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kutajwa na Aristotle, na baadaye na Bacon na Descartes, na mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba hutokea. Ubishi unaendelea. Kutojua kulimpa Mpemba uhuru wa kuona. Kukipima alichokiona kulihitaji watu wanaojua namna jokofu, kipimajoto na maji vinavyoweza kumdanganya mtu.

Ramanujan, mwanahisabati wa India, ni mfano unaopendwa zaidi na wanahisabati. Alijifunza kwa sehemu kubwa kutoka kitabu kimoja cha muhtasari chenye maelfu ya kanuni zisizo na uthibitisho wa kutosha, na mwaka 1913 alimwandikia Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, barua iliyojaa matokeo. Baadhi yalikuwa mapya na ya kushangaza. Baadhi yalikuwa yanajulikana tangu zamani. Na yale aliyoyadai kuhusu idadi ya namba tasa yalikuwa na makosa, kwa sababu hakuwa ameifahamu nadharia ambayo wanahisabati wa Ulaya walikuwa wameijenga kuhusu swali hilohilo. Barua moja, mtu mmoja, na matokeo ya aina zote tatu! Kipaji chake hakina mfano, na bado kutojua kulimtoza ushuru.

Baada ya streptothrisini nilibadilisha utaratibu wangu. Jambo la kwanza lilikuwa kuifanya elimu iliyopo iwe chujio badala ya mzigo. Nilitengeneza bakteria wa majaribio waliokuwa tayari sugu kwa streptothrisini, streptomisini na viuavijasumu vingine vinavyookotwa mara nyingi, kwa kuwapa jeni za usugu ambazo watafiti wa awali walikuwa wamezieleza. Kiumbe aliyeendelea kuwaua bakteria hao alistahili kufuatwa. Waliobaki niliwaweka kwenye friza bila majonzi. Jambo la pili lilikuwa kupima uzito wa molekuli mapema, ikiwa bado katika supu chafu, yaani kimiminika kilichooteshewa bakteria, kabla ya kumwaga fedha kwenye usafishaji. Ningeshauri kila mtafiti, wa fani yoyote ile, atafute kipimo chake cha namna hiyo: kitu cha bei nafuu kinachoweza kumwambia katika wiki ya kwanza kwamba alichonacho kinajulikana. Katika hisabati chaweza kuwa ile ensaiklopidia ya mtandaoni ya mifuatano ya namba kamili. Katika unajimu wa kisayansi, orodha za nyota na sayari ndogo zilizokwisha kusajiliwa.

Kuna ngazi ya juu zaidi ya kuutumia ujuzi uliopo, ambayo mimi sikuifikia lakini niliiona ikifikiwa. Mwaka 2015 kikundi cha Kim Lewis na Slava Epstein nchini Marekani kilitangaza teixobaktini, kiuavijasumu kilichotoka kwa bakteria ambaye hakuwahi kuoteshwa maabara kabla ya hapo. Hawakuanza kwa kukariri viuavijasumu vyote. Walianza na jambo moja lililojulikana tangu zamani na kulalamikiwa na wengi, kwamba takriban asilimia 99 ya bakteria wa udongoni hukataa kukua kwenye sahani, wakatambua kwamba wote tuliokuwa tukikutana na streptothrisini tulikuwa tukichota kutoka asilimia ile moja. Wakabuni kifaa chenye vijishimo vidogo vilivyofunikwa kwa utando, kinachomwezesha kila bakteria kukua akiwa amezikwa katika udongo wake. Walichokuwa wamekimudu ni sababu ya wengine kukwama, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ya elimu iliyopo yenye faida kubwa kuliko zote kwa mtu anayetaka kugundua.

Kemikali yangu mwenyewe, ile iliyoingia katika tasnifu, ilikuwa ya unyenyekevu. Nilikuwa nimeifahamu familia moja ya molekuli kiasi cha kuzijua namba zake kwa moyo, na siku moja katika karatasi ya matokeo ya mashine ya kupima uzito wa molekuli niliona kilele kidogo pembeni ya kile kikubwa, chenye uzito uliozidi kwa 14. Tofauti ya 14 kwa kawaida maana yake ni kaboni moja na hidrojeni mbili za nyongeza. Mtu asiyeijua familia ile angekiona kilele hicho kuwa uchafu, na mimi wa miaka miwili nyuma ningekipita. Kilikuwa molekuli ambayo haikuwa imeelezwa. Iliua bakteria kwa unyonge, haitakuwa dawa, na wasomaji wake pengine wanahesabika kwa vidole. Lakini ilikuwa mpya, na niliweza kueleza kwa nini ni mpya.

Jocelyn Bell aliliishi jambo hilohilo kwa kiwango kingine kabisa. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, alikagua kwa macho karatasi za darubini ya redio zilizotoka kwa urefu wa takriban mita 30 kwa siku. Alikuwa ameshiriki kuijenga darubini yenyewe, akajua inavyochora chanzo cha kweli na inavyochora kelele za mitambo ya duniani. Ndiyo sababu alama ndogo isiyofanana na lolote kati ya hayo ilimsumbua, na alipoifuatilia ikawa ni mapigo yanayojirudia kila sekunde 1.3 hivi, kutoka kwa aina ya nyota ambayo leo tunaiita palsa. Hakuhitaji kuwa bingwa wa nadharia zote za nyota. Alihitaji kuijua karatasi ile kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonirudisha chini baada ya kudhani nimeelewa. Mwaka 2023 kikundi kilichoongozwa na James Kirby nchini Marekani kilichapisha matokeo kuhusu streptothrisini, ile ile niliyoitupa kwenye friza. Walionyesha kwamba sifa yake ya kudhuru figo ilitokana na majaribio ya zamani yaliyotumia mchanganyiko wa molekuli kadhaa zinazokaribiana, na kwamba streptothrisini F, ambayo ni mojawapo ya hizo, ina sumu ndogo zaidi kuliko wenzake na inawaua bakteria hatari waliokuwa sugu kwa dawa nyingi za sasa. Ile yenye uzito wa 502. Mimi nilipoona jina kwenye hifadhidata niliacha kuuliza, kama walivyoacha wengine kwa takriban miaka 80, kwa sababu neno "sumu" lilikuwa limenakiliwa kutoka makala moja hadi nyingine bila mtu kurudi kutazama ni nini hasa kilichodungwa wanyama wale wa awali.

Hili si tukio la peke yake. Tangu mwaka 1923, Theophilus Painter, mwanabiolojia wa Marekani, alipoamua kwamba binadamu ana kromosomu 48, vitabu vya biolojia vilifundisha hivyo mpaka Tjio na Levan walipozihesabu upya kwa mbinu bora na kutangaza mwaka 1956 kwamba ni 46. Waliokuwa wameimudu elimu iliyopo walikuwa wameimudu pamoja na kosa lake. Kwa hiyo ninapomwambia mwanafunzi asome, simwambii akusanye majibu. Namwambia kwamba kando ya kila dai linalogusa kazi yake aandike lilijulikanaje: kwa kifaa gani, kwa sampuli ngapi, na kama kuna mwingine aliyelirudia. Daftari langu la namna hiyo lina madai machache tu, lakini karibu theluthi yake yana alama ya kuuliza, na kila alama ni mradi unaowezekana.

Ni kweli kwamba kizingiti hakilingani katika fani zote. Marjorie Rice wa Marekani, aliyekuwa na hisabati ya sekondari tu, alisoma katika jarida miaka ya 1970 kuhusu pentagoni zinazoweza kufunika sakafu bila kuacha nafasi, akajitungia alama zake mwenyewe na kupata aina nne mpya ambazo wataalamu hawakuwa nazo. Mwaka 2022 David Smith wa Uingereza, fundi mstaafu wa uchapaji, alipata umbo la pande 13 linalofunika uwanda wote bila mpangilio wake kujirudia, na uthibitisho wake akauandika pamoja na wataalamu watatu. Mahali ambapo kitu chenyewe unaweza kukishika, kukikata na kukipima mezani kwako, mlango uko chini na yeyote anaweza kuingia. Mahali ambapo kitu kinaonekana kwa njia ya mashine tu, itakubidi uijue mashine, na hakuna njia ya mkato ninayoifahamu.

Kwa anayeanza leo, ningependekeza kazi ya mikono na kusoma vianze wiki moja. Chagua makala moja iliyo karibu kabisa na swali lako na uanze kulirudia jaribio lake. Utakwama, na pale unapokwama ndipo utakapojua usome nini. Katika makala soma kwanza sehemu ya mbinu, kwa kuwa hitimisho huandikwa kwa kujiamini kuliko ushahidi unavyoruhusu. Kabla ya kufungua hifadhidata andika wazo lako na unachotarajia kutokea, ili usome ukilinganisha badala ya kufuta. Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, mwandikie mwandishi. Wengi hutuma nakala bila masharti na wengine hukueleza walichoshindwa kukichapisha. Muulize fundi wa maabara, mtunza sampuli, mtu anayeiendesha mashine, na uwaulize swali jembamba: "Umewahi kuona kitu cha namna hii?" Na utakapoona makala mpya zinanukuu zilezile ulizokwisha kuzisoma, katika lile eneo lako dogo umefika, nyingine zitasubiri mpaka kazi izidai.

Kwa wasio na maabara kabisa, wamtazame Don Swanson, mtaalamu wa habari na maktaba wa Marekani. Mwaka 1986, kwa kusoma tu, aliona kwamba makala za mafuta ya samaki zilieleza kupungua kwa uzito wa damu, na makala za ugonjwa wa Raynaud, ambao hukata damu ya vidole wakati wa baridi, zililalamikia damu hiyohiyo kuwa nzito. Makundi hayo mawili ya waandishi hayakuwa yakinukuana. Alipendekeza kwamba mafuta hayo yangesaidia wagonjwa hao, na majaribio ya kitabibu yaliyofuata yakamuunga mkono. Unaweza kuanza hivyo usiku wa leo: chukua sababu moja inayotajwa katika tatizo unalolijali, itafute katika fani nyingine, kisha angalia katika orodha za marejeo kama waandishi wa pande hizo mbili wamewahi kusomana.